Chozi

Miaka kumi na mmoja nilipima waridi kwa rula:
sentimita sitini, boksi hili; arobaini, lile;
lililopinda shingo, pipa.
Nilijua maua kama karani ajuavyo watu.

Kisha shamba likauzwa. Tukapewa barua na miche miwili ya sabuni,
nikarudi Kiptangwanyi, kwenye robo eka aliyoniachia mama:
mchanga mwepesi, majivu ya mlima uliozimika kitambo,
mchanga unaomeza ndoo nzima ya maji
kisha unakutazama, midomo mikavu,
kama mtu aliyekopa akasahau.

"Nyaguthii," alicheka jirani yangu Kimosop,
"hapa hata magugu huomba ruhusa."

Lakini kando ya reli, mwezi wa pili, jua likiwa la utosi,
niliukuta mmea umesimama peke yake:
shina la pembe nne kama penseli ya seremala,
na juu yake vishada, ghorofa kwa ghorofa,
kila ghorofa duara la miiba
na maua rangi ya kaa linalopulizwa.
Hakuna aliyeupanda. Jina lake hatukuafikiana;
Kimosop alikuwa na lake, muuza maziwa na lake,
mimi nilikumbuka ulimi tu,
ulimi wa mtoto njiani kutoka shule
akinyonya utamu mwembamba kwenye kitako cha ua.

Nikakung'uta mbegu ndani ya kopo.

Nikazipanda nilivyofundishwa kazini:
kitalu, samadi ya mbuzi, kivuli cha neti,
maji asubuhi, maji jioni,
maji ya kununua, shilingi ishirini mtungi.
Zikaota upesi, ndefu, laini,
kama watoto wa tajiri.
Wiki ya tatu zikalala, shingo nyeusi.
Nikaongeza maji.
Zikaoza.
Nililia, sitaki kudanganya,
wala si kwa ajili ya miche.

Zilizosalia koponi hazikujaza kiganja.
Nilizitupa. Kwa hasira, nasema kweli,
kule mteremkoni nyuma ya choo
lori la mchanga lilipoichuna ardhi ngozi,
nikaenda zangu Elburgon kumuuguza dada.
Huku nyuma mvua ikanyesha mara tatu, ikachoka.

Niliporudi mteremko ulikuwa na manyoya:
vijani viwili viwili, vinakabiliana,
vimeushika mchanga kama mtoto mchoyo
anavyoshika sarafu ya sadaka.
Nilisimama na ndoo mkononi.
Nikairudisha ndani.
Kuirudisha kulinichosha kuliko kuchota.

Mwezi wa sita upepo ukaja na magadi ya ziwa,
mwezi wa saba mbuzi wa Kimosop wakaonja, wakatema.
Mwezi wa nane, asubuhi ya Jumanne, nikifua,
mteremko ukawaka.

Na huyo akaja, mdogo kuliko kidole gumba,
kijani, kisha zambarau akigeuza shingo,
mdomo wake umepindwa makusudi kwa kazi hii moja.
"Chozi," alisema Kimosop juu ya seng'enge.
"Ndege huyo anaitwa chozi."
"Najua," nikamjibu. "Jingine lilinidondoka mwezi wa tatu."

Rula ninayo bado. Jana niliichomeka
katika shimo lililoachwa na lori:
mchanga uliokwama kwenye mizizi
umepanda sentimita nne.
Sikuandika popote.

Leo amesimama mwanamke mwenye gari, kutoka Nakuru mjini,
anauliza shada moja bei gani.
Nimemwambia halifiki barabarani, hunyauka mkononi.
Nimemfungia mbegu kwenye kipande cha gazeti.
Akaniuliza, sasa nizitunzeje?

Tafuta mahali pabaya, nikamwambia.
Zitupe, kwa hasira ikiwezekana.
Kisha safiri.